Ziara ya Kwanza ya Baiskeli ya Siku Kadhaa: Mambo ya Kupatana Kabla ya Kuondoka

Baiskeli ni chombo tulichokizoea tangu utotoni, na pengine mazoea hayo ndiyo yanayowafanya watu wengi wadhani kwamba safari ya siku nne ni sawa na kwenda gengeni mara nyingi. Sivyo. Aendaye gengeni hurudi kulala nyumbani. Mnyororo ukikatika, huikokota baiskeli yake mpaka kwa fundi amjuaye, na fundi naye anamjua. Msafiri wa siku kadhaa yumo mikononi mwa watu asiowajua: aliyemkodisha chombo, aliyemvusha baharini, aliyepokea malipo ya awali ya chumba. Kila mmoja wao ameingia naye katika mapatano, hata kama hakuna karatasi iliyoandikwa. Makala haya yanaeleza mapatano hayo, pamoja na mambo machache ya chombo na njia ambayo mlaji asipoyafahamu hawezi kupima kama alichouziwa kina thamani ya fedha yake.

Tumekichagua kisiwa cha Unguja kuwa mfano. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni kilomita zipatazo 85, ardhi yake kwa sehemu kubwa ni tambarare, barabara zake kuu ni za lami, na vijiji havikuachana kiasi cha msafiri kukosa maji. Tuwafikirie marafiki watano wa Dar es Salaam, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuendesha zaidi ya saa mbili mfululizo. Wameamua kukizunguka kisiwa hicho kwa siku nne. Jambo hilo lawezekana, wala halihitaji mtu awe mwanariadha.

Njia na upepo

Mwanzilishi hupima safari kwa kilomita. Afadhali aipime kwa saa. Mtu asiye na mazoezi, akiwa na mzigo wa kilo nane au kumi kwenye keria, huenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa katika lami tambarare, na hizo ni saa za kuendesha tu. Kula, kupumzika na kuziba pancha havimo. Kilomita 50 ni kama saa nne za kazi, na kwa kawaida saa sita au saba tangu kuondoka hadi kufika. Kwa kundi jipya tungeuona huo kuwa mpaka wa siku. Ambaye hajawahi kufanya hivyo hana budi ajaribu kwanza nyumbani: siku mbili mfululizo, akiwa na mzigo uleule, majuma mawili kabla ya safari. Siku ya pili ndiyo itakayomweleza ukweli kuhusu kiti cha baiskeli yake.

Upepo ni jambo ambalo wakodishaji wachache humweleza mteja. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, hasa kati ya Juni na Septemba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi karibu na Machi. Manahodha walipanga safari zao kwa pepo hizi kwa karne nyingi, na mwendesha baiskeli hana sababu ya kuwa mkaidi kuliko nahodha. Wakati wa kusi marafiki zetu na waanze kwa kwenda kusini, kupitia Tunguu na Jozani hadi Paje, yapata kilomita 50 kutoka mjini, kisha wapande kaskazini upepo ukiwa mgongoni. Kaskazi ikivuma, waanze kwa Nungwi, ambako ni mbali kidogo zaidi, na washuke pwani ya mashariki. Anayekwenda kinyume cha upepo katika barabara ya wazi hupoteza kilomita tatu au nne katika kila saa, na jioni humlaumu mwenye baiskeli kwa kumpa chombo kizito. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, tungewashauri waiache.

Ramani nayo ina mtego wake. Mtu akiitazama pwani ya mashariki, huona kwamba kutoka rasi ya Michamvi hadi kijiji cha Chwaka ni hatua chache tu. Baina yao ipo Ghuba ya Chwaka, na daraja hakuna. Kwa barabara, itakubidi urudi Jozani, uende hadi Tunguu, upite Dunga, ndipo uelekee Chwaka. Siku nzima imekwisha. Wapo wavuvi wanaowavusha watu kwa mashua, na njia hiyo ni ya kupendeza bahari ikiwa shwari, lakini ni mapatano mengine tena: bei itajwe kwa watu na kwa baiskeli, ijulikane kama ni ya chombo kizima au ya kichwa, na jaketi za kuokolea maisha zihesabiwe kabla ya mguu kuingia majini. Zisipotosha, msipande.

Kukodi baiskeli

Hapa ndipo penye fedha, na ndipo penye ugomvi. Malalamiko ya ukodishaji huanza karibu yote kwa namna moja: chombo kilipokewa kwa haraka na kurudishwa kwa mabishano. Tenga saa nzima ya kukikagua, tena mchana, si usiku chini ya taa ya duka.

Anza na kimo. Simama ukiwa umepanua miguu juu ya bomba la katikati la fremu. Nafasi ya vidole vitatu au vinne isipobaki, baiskeli hiyo ni kubwa kwako, na maneno ya kwamba utaizoea yasikubaliwe. Keti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama ipasavyo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo linavyosalimika. Kiti kikiwa chini mno, magoti huanza kuuma siku ya pili, na hakuna dawa ya kuchua itakayoondoa sababu.

Kisha breki. Bana mkono wa breki ya mbele na uisukume baiskeli kwenda mbele: gurudumu la nyuma linyanyuke. Bana wa nyuma na uivute: gurudumu liburuzike, lisizunguke. Mkono wa breki ukigusa usukani, kamba imelegea au raba zimekwisha. Inua kila gurudumu ulizungushe. Rimu ikiyumba kushoto na kulia, spoki zimelegea au zimekatika, na mzigo wa siku nne utazimaliza. Shika mkono wa pedeli uutikise. Ukicheza, gololi zimechakaa. Pitia gia zote, si mbili tatu. Tazama mnyororo kwa makini, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani huula upesi kuliko wa bara. Wenye kutu iliyoingia katikati ya viungo hautafika mbali. Tairi lenye nyufa pembeni likataliwe. Halafu funga mzigo wako, endesha robo saa, ndipo useme umeipenda.

Kuhusu mapatano yenyewe, yaandikwe. Ukurasa mmoja wa daftari watosha, wenye saini za pande mbili, tarehe, na namba ya fremu, ambayo kwa kawaida imegongwa chini ya bomba kati ya pedeli. Neno la kwanza la kuuliza ni “siku”. Tuseme, kwa mfano, kodi ni shilingi 20,000 kwa siku. Baiskeli tano kwa siku nne ni shilingi 400,000. Kwa mkodishaji mmoja siku ni saa 24. Kwa mwingine ni kutoka kufungua duka hadi kufunga. Marafiki waliochukua baiskeli saa tatu asubuhi na kuzirudisha saa tatu asubuhi ya siku ya tano watalipa shilingi 400,000 kwa yule wa kwanza, na kwa yule wa pili watadaiwa 500,000, naye hatakuwa amewadanganya, ikiwa hakuna aliyeuliza.

La pili ni nani anabeba lipi. Pancha kwa desturi ni ya mpandaji. Raba za breki zilizokwisha, gololi zilizovunjika, spoki iliyokatika bila kuanguka, hivyo ni uchakavu wa kawaida, na kwa maoni yetu ni vya mwenye mali. Lakini maoni yetu hayatasaidia sana saa kumi jioni huko Nungwi kama hayakuandikwa. Uliza pia: baiskeli ikiharibika mbali na mji, je, mtaletewa nyingine, mtatengeneza na kurudishiwa fedha, au mtajitafutia wenyewe? Jibu lolote kati ya hayo matatu laweza kukubalika kwa bei inayolingana nalo. Lisilokubalika ni kutokuwapo kwa jibu.

Dhamana nayo iandikwe kiasi chake, itarudishwa lini, na kwa njia gani. Mwombe mkodishaji ataje bei ya vitu vinavyoweza kupotea au kuvunjika, kama vile gurudumu, kiti, kofia na baiskeli nzima, ili bei hizo zisitungwe siku ya kurudisha. Piga picha za kila upande wa chombo, na za kila mkwaruzo, mwenye mali akiwapo. Usiache kitambulisho cha asili wala pasipoti kuwa dhamana. Utakihitaji bandarini na kwenye nyumba ya wageni, na mtu anayekishikilia ameshika nguvu kubwa mno katika mabishano ya shilingi elfu chache. Nakala yatosha. Malipo kwa simu yaende kwenye namba ya biashara yenye jina la duka, si kwenye namba ya kijana aliyewapokea, na risiti idaiwe. Sheria ya kodi inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai. Zaidi ya kodi, risiti ndiyo ushahidi wenu wa kwanza.

Katika maduka kadhaa hubandikwa tangazo kwamba mwenye duka hahusiki na hasara wala ajali yoyote. Tangazo kama hilo lisiwatishe. Halimpi mfanyabiashara ruhusa ya kukodisha chombo anachojua kuwa kibovu na kukisifu kuwa kizima. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha au kumdanganya mlaji katika biashara, na karatasi ya ukutani haiifuti sheria.

Wanaopendelea kununua baiskeli ya mtumba wafanye ukaguzi uleule, na waongeze mawili. Muuzaji aandike jina lake, namba ya fremu na bei katika risiti, kwa maana mali ya wizi hubaki kuwa ya mwenyewe hata ikishapita mikono mitatu, na mnunuzi wa mwisho ndiye anayeachwa bila fedha na bila baiskeli. Pili, soma kipimo cha tairi kilichoandikwa ubavuni, na utazame valvu. Valvu nene, kama ya gari, hujazwa upepo popote; ile nyembamba inahitaji pampu yake, na tyubu zake ni adimu vijijini. Baiskeli nzuri ya kigeni isiyopatikana tyubu yake Makunduchi ni mzigo, si chombo.

Kofia ngumu ni bora inunuliwe mpya. Ndani yake mtafute alama ya EN 1078, ambayo ni kiwango cha Ulaya, au CPSC cha Marekani. Kofia iliyokwisha kupigwa chini katika ajali moja imefanya kazi yake na haifai tena, hata kama ufa hauonekani. Nayo ya mtumba haina historia mtu awezayo kuisoma.

Fedha za kundi

Husemwa kwamba marafiki hawaandikiani. Sisi twaona kinyume: wanaotaka kurudi wakiwa marafiki ndio wanaopaswa kuandikiana, ijapokuwa ni ujumbe mmoja tu katika kundi lao la simu ambao kila mmoja ameujibu “nimekubali”.

Jambo lenye uzito kuliko yote ni jina lililo katika mapatano. Mara nyingi mmoja mwenye bidii huenda dukani, hukodi baiskeli zote tano, huweka saini na kurudi akishangiliwa. Tangu saa hiyo, mbele ya mkodishaji, mdaiwa ni yeye peke yake. Baiskeli ya rafiki yake ikiibiwa ufukweni, atakayeulizwa ni yeye. Rafiki akikataa kulipa, hilo ni shauri lao wenyewe, si la mwenye duka. Kwa hiyo kila mmoja na akodi kwa jina lake. Mkodishaji akitaka karatasi moja, majina yote matano na saini zote tano ziwemo, na iandikwe kwamba kila mtu anawajibika kwa baiskeli yenye namba iliyo mbele ya jina lake.

Pili ni kujitoa. Tuseme wamelipa malipo ya awali ya vyumba, shilingi 300,000, yaani 60,000 kila mtu. Siku tatu kabla ya kuondoka mmoja anapata dharura kazini. Mwenye nyumba ya wageni alikwisha kusema kwamba malipo hayo hayarudi katika juma la mwisho. Je, 60,000 ni hasara ya aliyejitoa, au wanne waliobaki wamrudishie? Yote mawili yana hoja, na hatuna haki ya kuwaamulia. Tunalojua ni kwamba swali hilo huwa jepesi likijibiwa mwezi mmoja kabla, wakati hakuna ajuaye ni nani atakayejitoa.

Mfuko wa pamoja uwe wa vitu vya pamoja tu: maji, gundi na viraka, pampu, vyuma vya kuvulia tairi, spana, mpira wa kufungia mizigo. Chakula na vinywaji kila mtu ajilipie. Atakayeshika mfuko asiwe yuleyule anayeongoza njia; kazi hizo mbili zikiwa kwa mtu mmoja, humchosha na humfanya ashukiwe. Na kwa kuwa pampu ni moja, kundi lisikatike. Anayekwenda polepole awekwe wa pili, si wa mwisho, kwa maana wa mwisho akipata pancha nyuma ya kona, wenye pampu watakuwa wamekwisha kufika Kiwengwa.

Kivuko, malazi na bima

Wanaobeba baiskeli zao kutoka Dar es Salaam wasidhani kwamba tiketi ya abiria inaibeba na baiskeli. Waulize dirishani, siku ya kukata tiketi, nauli ya mzigo huo ni kiasi gani, utapakiwa wapi, na risiti yake watapewa na nani. Wachukuzi wa bandarini wanafanya kazi halali na nzito. Bei yao hupatanwa kabla mkono wao haujagusa chombo.

Chumba kikiagizwa kwa simu, ulizeni kama baiskeli zitalala ndani ya jengo au uani, na jibu lije kwa maandishi. Katika mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya vijijini hufungwa mchana. Anayesafiri wakati huo abebe chakula chake na akile faraghani. Mavazi ya kubana ya mwendesha baiskeli yafunikwe kwa kanga au suruali pana mnapopita vijijini.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni wanaoingia Zanzibar kutoka nje ya nchi wanatakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Ikiwa mmoja wa marafiki ni raia wa nchi nyingine, aulize kama hilo linamhusu. Wale wengine wasidhani kwamba bima yake inawafunika. Wenye bima ya afya ya kazini waulize mapema ni hospitali zipi za Unguja zinazoipokea.

Barabarani

Tuondoke mapema. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili unusu, na saa nne za mwanzo wa siku ndizo zenye thamani. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mtu na awe kivulini. Maji ni nusu lita kwa kila saa ya kuendesha, na zaidi jua likiwa kali, pamoja na kitu chenye chumvi. Mwenzenu akianza kuumwa kichwa, kuyumba au kusema maneno yasiyoeleweka, safari ya siku hiyo imekwisha. Apozwe kwa maji na apelekwe kituo cha afya, asibembelezwe amalizie kilomita kumi zilizobaki.

Endesheni kushoto, mmoja nyuma ya mwingine. Daladala husimama ghafla mbele yenu kushusha abiria, na upande mnaojaribu kupenya ndio upande wa mlango. Eneo la Jozani lina matuta yaliyowekwa kuwakinga kima punju wavukao barabara. Mzigo uliofungwa ovyo hudondoka hapo. Kufikia saa moja na robo jioni giza limekwisha kutanda, na barabara nyingi za mashamba hazina taa. Kila baiskeli iwe na taa nyekundu nyuma, hata kama mmeapa kutosafiri usiku.

Kurudisha, na kulalamika

Baiskeli zirudishwe zikiwa zimefutwa mchanga, mchana, mkiwa na picha za siku ya kwanza mkononi. Kagueni pamoja na mwenye mali, mpokee dhamana papo hapo, na ile karatasi iandikwe “zimepokelewa” na kutiwa saini. Anayesema dhamana itatumwa baadaye aandike siku na kiasi.

Mkishindwa kuelewana, mwandikieni kwanza mwenyewe, mkieleza mlichokubaliana, kilichotokea, na mnachodai kwa tarakimu. Mpeni siku saba. Asipojibu, lalamiko lipelekwe mahali biashara ilipofanyika. Baiskeli iliyokodiwa au kununuliwa Dar es Salaam ni ya Tume ya Ushindani ya Tanzania Bara; iliyokodiwa Unguja inahusu vyombo vya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar ina sheria na tume yake ya kumlinda mlaji. Ambatisheni nakala za risiti, mapatano, picha na ujumbe wa simu, na asili zibaki nyumbani. Kila mmoja aandike kwa jina lililo katika mapatano yake. Lalamiko la watu watano lililotiwa saini na mmoja asiyetajwa katika karatasi ya kukodi litarudishwa, na muda utakuwa umepotea.